Eda ya Shemeji

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, ni mkandarasi wa nyumba asiye na ngazi. Anajenga Zinga, anajenga Kerege, na kila akifikia dari anakuja dukani kwangu Bagamoyo kuazima. Mimi nauza rangi na vifaa vya ujenzi. Ngazi zimesimama pale mlangoni, mpya, bado zina karatasi. Yeye huzipita, akaingia mpaka ndani, akaulizia ile ngazi yangu mwenyewe ninayopandia kwenye rafu. Ikirudi ina saruji iliyoganda kwenye vidato, na hairudishi yeye, hutuma mtu.

Simpendi. Nalisema mapema ili msomaji asihangaike kulitafuta. Ameazima sufuria kubwa la pilau alilotuachia bibi, likarudi limebonyea. Ameazima mbuzi ya kukunia nazi, ikarudi meno yamelala. Jenereta langu alikaa nalo mfungo mzima. Na kila mara nimetoa, kwa sababu kwetu pwani mtu atasamehewa mengi, lakini akishaitwa mchoyo jina limeganda, mpaka watoto wake wataitwa wa yule mchoyo. Basi unatoa huku unatabasamu, na moyoni unatukana. Tena mdogo wangu ndiye ndugu pekee niliyenaye. Tumebaki wawili tu kwa mama yetu, na mlango wa nyumba ya mdogo wangu una huyo mwanaume mbele yake.

Kitu kimoja tu nimewahi kumnyima. Ni kompyuta yangu ya kupigia mbizi, na kwa ajili yake niliitiwa kikao.

Kupiga mbizi nilianza kwa hasira. Mteja wangu mmoja, mwenye boti ya kupeleka watu kwenye matumbawe kule Kunduchi, alikuwa akinunua rangi ya boti kwangu. Siku moja akasema wanawake wa Bagamoyo wamezaliwa na bahari mlangoni na hawajui hata kufumbua macho majini. Alisema huku anacheka, akitegemea na mimi nicheke. Wiki iliyofuata nilifunga duka, nikaenda kujiandikisha kwake mwenyewe. Nikavaa vazi la mikono mirefu na kofia ya mpira juu ya nywele, nikajifunza kupumua kwa mtungi mpaka nikapewa cheti. Ndiye mwalimu wangu hadi leo. Lazima niseme haki, majini ni mtu mwema kuliko alivyo nchi kavu.

Shemeji aliposikia, naye akajiandikisha. Asingevumilia watu waseme harusini kwamba dada wa mke wake anakwenda asikofika yeye. Tangu hapo tukawa tunakwenda mara chache kwa mwaka, sikukuu na likizo, kwenye miamba ya upande wa Mbudya, mimi na yeye boti moja. Tulikuwa tunasalimiana kwa ajili ya mdogo wangu.

Kwa asiyejua: chini ya maji unavuta hewa ya mtungi, na sehemu kubwa ya hewa hiyo, inayoitwa naitrojeni, inaingia mwilini na kukaa. Kadiri unavyoshuka na kukawia, ndivyo inavyojaa. Ukipanda mapema na taratibu, inatoka yenyewe. Ukizidisha, inafanya mapovu ndani yako kama soda iliyotikiswa ikafunguliwa, kwenye viungo, mgongoni, hata kichwani. Wapo vijana wa pwani hii waliofuata majongoo bahari kwa mipira ya hewa ya kompresa, wakapanda miguu haifanyi kazi, na majirani wakasema wamepigwa na shetani wa bahari. Kompyuta ya kupigia mbizi unaivaa mkononi kama saa. Inapima umeshuka kiasi gani na kwa muda gani, kisha inakuambia umebakiwa na dakika ngapi. Hata ukishapanda inaendelea kuhesabu kilichobaki mwilini mwako, ili ukishuka tena siku hiyo ijue kwamba unashuka na mzigo.

Miaka ya mwanzo nilikodi za mwalimu. Za kukodi zina ugonjwa wa vitu vyote vya kukodi. Kioo kimechubuka, mkanda umekakamaa, na hujui aliyevaa jana aliigonga wapi. Mimi macho yangu ya karibu yameanza kunitoroka. Dukani nina miwani, chini ya maji sina. Siku niliyosoma dakika nane kumbe ni tatu, nilipanda nikiwa nimeshaamua kununua yangu.

Nikaenda kwenye duka moja Dar, la vioo vitupu, kiyoyozi mpaka unatamani shuka. Kijana wa pale aliniamkia vizuri, shikamoo mama, nikaitikia marahaba, nikadhani tutaelewana. Akanitolea kompyuta ya rangi zote. Ina dira, ina ramani, inasoma mtungi bila waya, inaunganishwa na simu.

"Mama, hii ndiyo habari ya mjini. Hii inapokea mpaka meseji."

"Chini ya maji nani ananitumia meseji?"

"Hapana mama, ukishatoka."

"Nikishatoka nina simu."

Akacheka kidogo, akaendelea kuipamba. Mimi ni muuzaji, mchezo huo naujua. Mtu akija kwangu kutafuta rangi, kabla sijagusa kopo namuuliza: ukuta wa ndani au wa nje? Unapigwa na upepo wa chumvi au umejificha? Usipomuuliza utamuuzia kitu cha mtu mwingine. Kijana huyu hakuniuliza hata kimoja, si napiga mbizi mara ngapi, si wapi, si kama naona. Aliniangalia mkoba tu. Nikamwambia hivyo hivyo, na sauti yangu si ndogo. Mteja aliyekuwa akijaribu miwani ya kuogelea aliiacha juu ya meza akatoka.

"Basi mama, matumizi yako yakoje?" akauliza hatimaye, amenywea.

Nikamweleza. Nashuka mara chache kwa mwaka. Navuta hewa ya kawaida, si ile ya kuchanganywa. Kina changu ni cha wastani. Nataka tarakimu kubwa, na nuru nyuma yake kwa siku maji yanapochafuka. Nataka betri nitakayobadilisha mwenyewe kwa kufungua kifuniko na sarafu, kwa sababu Bagamoyo hakuna fundi wa vitu hivyo, na sina mpango wa kupeleka saa ng'ambo kila betri ikifa. Nataka vitufe vichache, ambavyo mtu aliyekaa miezi bila kuvigusa atavikumbuka. Na nataka ile yenye woga. Zipo kompyuta zinazokuachia ukae chini mpaka ukingoni, na zipo zinazokufukuza mapema. Wazoefu wanazitukana hizi za kufukuza. Mwili wangu ni wa dukani, zinifukuze tu.

Akaniambia za namna hiyo zimekwisha. Nikajua ananidanganya, ila sikuwa na ushahidi.

Nikahamia mtandaoni. Jamaa mmoja alikuwa anauza iliyotumika, "haijatumika sana", tukakutana Tegeta nje ya duka la mikate. Nikaigeuza mwangani, ndani ya kioo kuna ukungu. Nikafungua kifuniko cha betri, ule mpira mwembamba wa kuzuia maji umepasuka.

"Mpira unabadilishwa tu, dada."

"Maji yameshaingia."

"Yaliingia kidogo."

Nikamuuliza betri aliibadilisha lini, akaniambia tumwamini Mungu. Nikamwambia Mungu namwamini, nisiyemwamini ni yeye. Kitu cha mitumba kama shati ni sawa, unalifua, unalivaa. Lakini hiki ndicho kitakachoniambia niishi au nisiishi, na mwenyewe hajui historia yake. Alinifuata mpaka kituoni akipunguza bei. Kadiri alivyopunguza ndivyo nilivyozidi kumchukia.

Nikarudi kwenye duka la vioo. Safari hii sikumsubiri kijana, niliinama mwenyewe. Rafu ya chini kabisa, nyuma ya mifuko isiyoingia maji, kulikuwa na boksi moja lenye vumbi. Modeli ya zamani, mpya kabisa, rangi nyeusi na kijivu, vitufe viwili, tarakimu kama za mizani ya sokoni. Betri ya duara, kifuniko cha sarafu. Bei haikufika hata nusu ya ile ya meseji. Kijana alipoiona mkononi mwangu aliona aibu, akasema hiyo ni ya wanaoanza. Nikamwambia mimi kila mwaka naanza upya.

Nyumbani kulitokea kichekesho cha neno. Mama yangu anaishi Zinga kwa mdogo wangu, na wajukuu walimwambia kwamba mama mkubwa amenunua kompyuta ya kuzamia. Sasa kuzamia kwetu kumeharibika. Mzamiaji ni kijana aliyejificha kwenye meli kwenda Ulaya, au mtu aliyeingia kwenye harusi bila kadi. Mama akanipigia simu, sauti imekauka, kuniuliza katika umri wangu huu nimekosa nini Tanzania. Ilinichukua muda kumtuliza, na nilisikia nyuma yake shemeji anacheka.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili. Nilikuwa na mafua, masikio yameziba, na mwenye masikio yaliyoziba hashuki. Nikasema nitabaki kwenye boti raundi ya kwanza, pengine ya pili yatafunguka. Kompyuta yangu nilikuwa nimeivaa, kavu, haijagusa maji siku hiyo. Shemeji alikuwa na ya kukodi. Angenunua ya nini na ya kukodi ipo, na hiyo nayo aliomba apunguziwe.

Walishuka, yeye na mwalimu na watu wengine wa Dar. Shemeji alipanda wa mwisho, amefurahi kama aliyeokota kitu. Alikuwa ameona nanga ya zamani chini ya mteremko, akaifuata peke yake, chini kuliko walivyokubaliana. Mwalimu alimfokea pale pale, maji yakiwa bado yanamtiririka. Shemeji alikuwa anasikiliza huku anasugua kiwiko cha mkono wa kulia. Nikamuuliza kuna nini. Akasema amejigonga wakati wa kupanda. Nilikuwa nimekaa pale pale alipopandia, sikuona amejigonga.

Mwalimu akataka kuona kompyuta yake inasemaje. Kioo kilikuwa cheupe, betri imekufa, na hesabu yote ya asubuhi imekwenda nayo. Mwalimu akasema basi, asiye na kompyuta hashuki raundi ya pili, akaenda mbele kubadilisha mitungi.

Shemeji akaja kukaa karibu yangu.

"Shemeji, mafua bado?"

"Bado."

"Basi hiyo saa umeivaa bure. Niazime mara moja, nikitoka nakurudishia."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Haikujui. Asubuhi ulishuka na nyingine. Hii itakuhesabu kama mtu ambaye hajagusa maji, itakupa dakika ambazo huna."

"Hesabu nitafanya mwenyewe kichwani."

"Kichwa hicho hicho kilichofuata nanga?"

Akanyanyuka. Shemeji ana tabia ya kuhutubia. Akipatikana na watu watatu tayari ana mkutano. "Jamani mnaona? Mwanamke ana duka zima, lakini saa ya mkononi inamshinda kutoa! Saa! Kwani nimeomba kumposa?" Watu wakacheka. Mmoja wao, baba wa makamo aliyekuwa mpole tangu asubuhi, akaniambia, "Mpe tu dada, si ndugu yako?"

Uso uliniwaka. Hapo ndipo siku zote huwa natoa. Ngazi nilitoa hapo, na sufuria, na jenereta, mbele ya watu, kwa aibu ya macho yao. Nilikunja mkono wenye kompyuta, nikaufunika na mwingine. Na ndani ya ule moto kulikuwa na raha. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote ya ndoa ile nilikuwa namwambia hapana, na nilikuwa na sababu nzuri kabisa ya kuisema.

Kisha nikafanya lile ambalo hajanisamehe. Nikapaza sauti, "Mwalimu! Huyu mkono unamuuma tangu apande!"

Kicheko kikakatika. Mwalimu akaja, akamshika kiwiko, akamwambia akunje, akunjue, ainue. Akamwambia alale, akatoa chupa ya oksijeni, dawa ya kwanza ya mapovu yale. Shemeji akaisukuma. Hakuwa mgonjwa, alisema, amejigonga, na shemeji yake ana roho mbaya. Mwalimu hakubishana naye, aligeuza boti. Raundi ya pili ikafa kwa wote, na wale watu wa Dar waliolipia siku nzima walitutazama sisi wawili njia nzima kama mafungu mawili ya samaki waliooza. Ufukweni mwalimu alimwambia aende hospitali saa hiyo hiyo. Shemeji akawasha gari akaenda zake Zinga.

Jioni mdogo wangu akapiga.

"Dada, umemdhalilisha mume wangu mbele ya watu kwa ajili ya saa?"

"Mpeleke hospitali. Mkono wake..."

"Mkono wake amejigonga! Wewe tangu umemjua humtaki. Sema tu humtaki."

Akakata. Nilipopiga tena hakupokea. Niliandika ujumbe, nikaona umesomwa, basi. Siku zilizofuata nilikuwa nauza rangi na kutukana wateja. Naitrojeni haingojei watu wapatane. Mkono ule ungeweza kulemaa kabisa, na ndio unaolisha nyumba ya mdogo wangu. Tena mapovu yakianzia kwenye kiwiko hujui yataishia wapi. Mimi ndiye niliyejua, na mimi ndiye ambaye neno lake lisingeaminika. Kama ningekuwa nampenda wangenisikiliza. Kila nilichosema kilisikika kama choyo kinachojitetea.

Mama akaitisha kikao, Ijumaa baada ya sala. Nilimkuta ukumbini amekaa mkekani, mdogo wangu pembeni yake amenuna, shemeji kwenye kiti. Nikamwamkia mama, nikampa shemeji salamu, akaitikia kwa kuangalia dari. Aliletewa chai, akapokea kikombe kwa mkono wa kushoto. Mwanaume wa Kiislamu, mbele ya mama mkwe wake, anakunywa kwa kushoto. Nilimtazama mdogo wangu kama ameona. Alikuwa ananitazama mimi.

"Nasikia umemnyima shemeji yako saa," mama akaanza.

"Si saa, mama."

"Inafungwa mkononi?"

"Inafungwa."

"Ukiitazama inakwambia saa ngapi?"

"Inakwambia, lakini..."

"Basi ni saa."

Nilijaribu naitrojeni, mama akasema nisimletee Kizungu. Nilijaribu soda, akasema soda hanywi, ina sukari. Shemeji alikuwa anatabasamu kwenye kikombe chake. Nilipoona lile tabasamu ndipo wazo liliponijia, na lilinijia kwa ubaya, nakiri.

"Mama," nikasema, "mwanamke akiachwa leo, kesho anaolewa?"

"Astaghfirullah. Si mpaka amalize eda."

"Eda ya nini?"

"Wewe mtoto umesoma chuo, unaniuliza mimi? Ijulikane tumbo lake lina kitu au halina, na kama lina kitu ni cha nani."

"Sawasawa. Sasa mtu akitoka chini ya maji anatoka na kitu mwilini. Hakionekani, lakini kipo, na ile saa aliyoshuka nayo ndiyo inayojua ni kiasi gani. Mpaka kiishe chote ashuke na ile ile, au akae. Akivaa nyingine, hiyo mpya inamwona kama msichana ambaye hajawahi kuolewa. Inamfanyia harusi, na mwenzake tumbo limeshajaa." Nikamgeukia shemeji. "Siku ile, mama, mkweo alikuwa kwenye eda. Saa yake ya asubuhi imekufa, na kabla hata hajakaa eda anataka kuolewa na ya kwangu."

Mama alifunika uso kwa kanga. Mabega yalikuwa yanamtikisika. Wajukuu waliokuwa nyuma ya pazia wakapasuka vicheko, na sidhani kama wanajua eda ni nini. Shemeji akasimama.

"Mimi? Mimi mwanaume nikae eda?"

"Kaa chini, baba," mama akamwambia, na alipoteremsha kanga hakuwa anacheka tena. "Kwa hiyo huyu alitoka majini na kitu mwilini."

"Ndiyo, mama."

"Na kimetoka?"

"Muulize mkono wake."

"Mkono hauna kitu," shemeji akasema. "Ni huyu tu na roho yake."

Mdogo wangu akadakia kwamba nimezoea, kwamba hata harusi yao niliichelewesha, na akaanza kulia. Nilimjibu vibaya. Tulifokeana pale mbele ya mama kama tulivyokuwa tunafokeana wadogo, kila mmoja anajua penye kidonda cha mwenzake. Mama alituacha mpaka tukaishiwa pumzi.

"Haya," akasema, "sina la kuhukumu. Tuombe dua tutawanyike."

Kikao kwetu hakifungwi bila dua, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Tukainua mikono, viganja juu, usawa wa kifua. Shemeji akainua ya kwake. Wa kushoto ulifika. Wa kulia ulikwama juu ya tumbo, ukawa unatetemeka pale.

Mama akaanza kuomba. Akawaombea marehemu wetu, kwa majina, baba, babu, bibi, mashangazi, mpaka watu wa Vigwaza ambao hata sijui tuna udugu gani nao. Akawaombea wagonjwa. Akawaombea walio safarini, wenye madeni, wanafunzi. Sijapata kumsikia mama akiomba dua ndefu namna ile. Macho alikuwa ameyafumba nusu, na kwa hiyo nusu nyingine alikuwa anautazama mkono. Jasho lilikuwa linamtoka shemeji kwenye mashavu. Mdogo wangu, aliyekuwa bado anapandisha kwikwi, akageuza kichwa kufuata macho ya mama, akaona. Nilimwona alivyoona. Nilikuwa nimetamani aone wiki nzima, na alipoona sikufurahi kama nilivyofikiri.

Mama akasema amin. Sote tukapaka viganja usoni. Shemeji alipaka kimoja.

Mdogo wangu akanyanyuka, akaingia ndani, akatoka amevaa baibui na ana ufunguo wa gari. "Twende," akamwambia mumewe. Shemeji akaanza kusema kitu kuhusu kujigonga, mdogo wangu akasema tena, twende, kwa sauti ambayo sikujua kama anayo. Wakaenda. Mama akaniambia nimpishe alale, na kwamba maneno yale ya eda nisirudie kwa watu.

Hospitali ya Bagamoyo walimwandikia kwenda Dar, na Dar wakamlaza kwenye oksijeni. Daktari alimwambia amechelewa sana, na kwamba kama angeshuka mara ya pili siku ile pengine angeletwa amebebwa. Mkono ulirudi, si wote. Asubuhi huwa mzito, na nyundo inamchosha mapema. Amekatazwa maji mpaka daktari mwenyewe amruhusu. Kwa watu anasema alilalia mkono. Mimi hajaniambia asante, wala sikuitegemea. Tukikutana msibani anaiangalia kompyuta mkononi mwangu, maana siku hizi siivui, kama mwanamke aliyemkataa.

Mdogo wangu naye hakunipigia. Nilisikia habari zote hizi kwa mama. Kisha siku moja, duka limetulia, nikamwona mlangoni. Hakukaa. Alisimama mbele ya makopo ya rangi, anayasoma majina ya rangi kana kwamba anatafuta moja.

"Dada, nakuuliza kitu kimoja, na usinizungushe."

"Uliza."

"Siku ile kwenye boti. Ulimnyima kwa sababu ya mwili wake, au ulimkomoa?"

Ningeweza kujibu vizuri. Daktari alikuwa upande wangu, mama alikuwa upande wangu. Nilimtazama, macho yamemwingia ndani, amepungua, na nikaona sina haja ya kumdanganya mtu niliyebaki naye.

"Vyote viwili," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeletewa kitu alichoagiza. Akaweka kopo alilokuwa amelishika.

"Mwezi ujao mwalimu wenu anatoa boti tena," akasema. "Mume wangu ameshaanza kutafuta miwani yake ya mbizi. Daktari hajamruhusu, na mimi nikimkataza hanisikii. Nenda, dada. Uwepo. Mkomoe tena."